Bonga naye mapema: mafunzo ya kuzuia kujiua kwa walimu na wafanyakazi wa shule

Leo naweka siasa na mpira pembeni. Mada ni nzito kidogo, ila ukiisoma mpaka mwisho utaondoka na kitu cha kumfaa mtu, pengine hata wewe mwenyewe. Kama umelipia nusu saa tu hapo kafe, anza na hii, picha utaangalia baadaye.

Na kama wewe unayesoma ndo una hayo mawazo sasa hivi, usisubiri nimalize. Namba 116 ni ya Huduma ya Simu kwa Mtoto, ni bure, kwa Tanzania Bara na Zanzibar. Au mfuate mtu mzima mmoja unayemwamini umwambie sentensi moja: "Nina mawazo ya kujiua, naomba usiniache peke yangu." Hiyo inatosha kuanzia. Makala utaikuta hapa hapa.

Haya, tuendelee. Ukitoka Babati mjini ukashika barabara ya Kondoa, kama kilometa 19 hivi unafika Bonga. Vijana wote tunajua kwamba kijiweni "kubonga" ni kuongea. Jina la kata na neno la kijiweni vimegongana, na mimi nimeona niutumie mgongano huo, kwa sababu mafunzo ninayotaka kuwaeleza leo, ukiyakamua sana, yanabaki hilo neno moja: kubonga na mtu mapema, tena kwa namna inayofaa.

Nataka tujibu maswali manne. Mafunzo ya kuzuia kujiua kwa wafanyakazi wa shule ni kitu gani? Yanafundisha nini? Yanasaidia kweli au ni posho za semina tu? Na shule ya kata, kama hizi za kwetu Bonga, ifanye nini hata kama hakuna mfadhili?

UKUBWA WA TATIZO

Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema watu wapatao 727,000 walikufa kwa kujiua duniani mwaka 2021. Ukigawa, ni mtu mmoja karibu kila sekunde 43. Yaani katika ile nusu saa uliyolipia, ni watu kama 40. Kwa vijana wa miaka 15 hadi 29, kujiua kulikuwa sababu ya tatu ya vifo duniani mwaka huo. Na wale wanaosema "hayo mambo ya Wazungu" wasikie hili: karibu asilimia 73 ya vifo hivyo vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi za aina yetu.

Kila tarehe 10 Septemba, tangu mwaka 2003, dunia inaadhimisha Siku ya Kuzuia Kujiua. Neno muhimu hapo ni "kuzuia". Watu wengi wanaofika kwenye mawazo haya hawataki kufa. Wanataka maumivu yaishe, na kwa wakati ule hawaoni mlango mwingine. Tena hali ya hatari kabisa mara nyingi huwa ni ya muda. Mtu akivushwa hapo, anaweza kuishi maisha yake yote. Ndo maana mtu aliye karibu ana nafasi kubwa ya kuokoa.

KWA NINI SHULE?

Kwa sababu hapo ndipo watoto walipo. Mzazi wa Bonga anaamkia shamba la mahindi na mbaazi, anarudi jioni kachoka. Mwanafunzi anayetembea kwenda shule anatoka nyumbani asubuhi, anaonana na baba usiku, mara nyingine hawaonani. Aliyeko bweni ndo kabisa, mzazi anamwona likizo. Kwa hiyo mtu wa kwanza kugundua kwamba mtoto kabadilika anaweza kuwa mwalimu.

Au asiwe mwalimu. Hapa naomba tusimame kidogo, kwa sababu mafunzo mengi yanakosea hapa. Wakisema "mafunzo shuleni" wanaitwa mkuu wa shule na mwalimu wa ushauri nasaha, wanakaa ukumbini siku mbili, wanarudi na cheti. Jamani, mwanafunzi anamwambia nani siri zake? Mara nyingi ni matroni. Ni mpishi anayejua nani kaacha kula. Ni mlinzi anayemwona mtu anazurura nyuma ya mabweni saa sita usiku. Ni karani wa ofisi anayeona nani karudishwa kwa ajili ya michango mara ya tatu mwezi huu. Ni mama wa maandazi pale getini. Wote hao wanaona vitu ambavyo mwalimu wa hesabu, mwenye darasa la watoto 70, hawezi kuona. Mafunzo ya maana yanawakalisha wote chumba kimoja.

WANAFUNDISHWA NINI?

Mfumo mmoja unaojulikana sana duniani unaitwa kwa herufi QPR, ulitengenezwa na mwanasaikolojia wa Marekani Paul Quinnett katika miaka ya 1990. Kwa Kiswahili tunaweza kusema USP: Uliza, Shawishi, Peleka. Wazo lake ni sawa na huduma ya kwanza. Huhitaji kuwa daktari ili kufunga jeraha lisivuje mpaka mgonjwa afike hospitali. Hapa pia huhitaji kuwa mtaalamu wa akili. Kazi yako ni kuona, kuuliza, kumshika mkono na kumfikisha.

Kabla ya kuuliza, lazima ujue dalili. Hizi ndizo zinazotajwa sana, nimeziweka kwa lugha ya shuleni kwetu:

1. Anasema maneno ya kukata tamaa: "mimi ni mzigo tu nyumbani", "bora nisingezaliwa", "mtanikumbuka". Wakati mwingine anayasema kwa utani, au anayaandika nyuma ya daftari.

2. Anagawa vitu vyake anavyovipenda na kuaga watu bila safari yoyote.

3. Kabadilika ghafla. Alikuwa mchangamfu sasa anajitenga, au alikuwa mpole sasa anagombana na kila mtu. Usingizi umepotea, au analala muda wote. Hali chakula.

4. Masomo yanaporomoka na mahudhurio yanakatika, hasa kwa mtoto ambaye hakuwa hivyo.

5. Ameanza pombe au bangi, au anajihatarisha hovyo kama mtu asiyejali yatakayompata.

6. Alikuwa na huzuni kubwa muda mrefu, halafu ghafla ametulia kabisa bila sababu. Watu hufurahi wakidhani kapona, kumbe inawezekana ameshaamua. Hii inawapita wengi.

Dalili moja peke yake si ushahidi. Kijana wa kidato cha pili kununa wiki nzima si habari mpya. Lakini dalili mbili tatu zikikutana na jambo zito lililotokea karibuni, usisubiri. Na mambo mazito ya shuleni kwetu tunayajua: kufeli mtihani, mimba, kuachwa, kufiwa na mzazi, kunyanyaswa kingono, kuonewa na wenzake, kuaibishwa mbele ya mstari, picha zake kusambazwa kwenye simu.

KUULIZA KWENYEWE

Hapa ndo wengi wanatetemeka. "Nikimuuliza kuhusu kujiua si ndo nampa wazo?" Jibu ni hapana, na limechunguzwa. Mwaka 2005 jarida la madaktari wa Marekani, JAMA, lilichapisha utafiti wa Madelyn Gould na wenzake uliofanywa kwa wanafunzi 2,342 wa shule sita za sekondari za jimbo la New York. Kundi moja liliulizwa maswali ya kujiua, lingine halikuulizwa. Walipopimwa baadaye, walioulizwa hawakuwa na mawazo hayo zaidi ya wenzao. Tena wale waliokuwa kwenye hali mbaya hawakuumizwa na swali. Kwa hiyo uoga huo tuuache.

Tuchukue mfano wa igizo. Kwenye mafunzo mazuri watu wanaigiza hivi mara nyingi, mpaka ulimi unazoea. Matroni kamkuta binti amekaa peke yake nyuma ya jiko:

— Shikamoo madam.
— Marahaba mwanangu. Naomba nikae na wewe kidogo. Wiki hii nimekuona huli, na nimesikia madaftari yako umempa mwenzako. Kuna nini?
— Hamna kitu madam.
— Sawa, sikulazimishi. Ila mtu akielemewa sana, kuna wakati anawaza hata kujiua. Na wewe umefikia kuwaza hivyo?
— (Kimya.) Nimechoka tu madam. Naona bora nisingekuwepo.
— Asante kwa kuniambia. Sijakukasirikia. Nieleze taratibu, leo nina muda.

Angalieni alichofanya matroni. Hakuanza na mahubiri, alianza na alichokiona kwa macho yake. Alilitaja neno lenyewe waziwazi, bila kuzungukazunguka. Wala hakusema, "Wewe si unafikiria mambo ya kijinga eti?" Swali la namna hiyo lina jibu ndani yake, mtoto atasema "hapana" ili ayamalize. Na alipojibiwa hakuruka kama kachomwa na mwiba. Alishukuru, akakaa.

Baada ya hapo unasikiliza. Kusikiliza ni kazi, wadau. Sisi tumezoea mtoto akisema neno moja, mkubwa anarudisha mia: "Enzi zetu sisi tulitembea kilometa kumi." Hayo yote kaa nayo. Ukishasikia, muulize anafikiria lini na kama ana mpango. Mwenye mpango na muda aliopanga asiachwe peke yake hata dakika tano, hata chooni asindikizwe.

Kushawishi ni kumwomba akubali msaada leo: "Naomba twende pamoja kwa mtu anayejua haya mambo zaidi yangu. Nitakuwa na wewe." Akisema sawa, hata kwa sauti ndogo, umepiga hatua kubwa.

Na kuna mambo ya kutofanya kabisa. Usiape kutunza siri. Sema wazi: "Sitamtangazia kila mtu, ila watu wanaoweza kukusaidia lazima wajue." Usimpeleke mstarini akawe mfano. Usimchape. Usimwambie anatafuta kuonekana, kwa sababu hata kama anatafuta kuonekana, mtoto anayeona hawezi kuonekana mpaka aseme anakufa, huyo ana shida kubwa tayari. Na wewe mpenda dini, muombee, sala ni njema, lakini ukisema amina mshike mkono mwende hospitali. Kiongozi wa dini na daktari hawagombanii mtoto.

KUPELEKA: WAPI SASA?

Semina nyingi za mijini zinaishia hapa kwa maneno "mpeleke kwa mtaalamu" halafu watu wanakula chakula cha mchana. Kwetu Bonga swali ni je, mtaalamu yupi, wapi, kwa nauli ya nani?

Tujihesabie tulichonacho. Kuna zahanati na vituo vya afya vya karibu. Kuna Hospitali ya Mji ya Mrara pale Babati. Wilayani kuna hospitali ya Dareda, na ukivuka kwenda Mbulu kuna Haydom. Hospitali ya taifa ya afya ya akili, Mirembe, iko Dodoma tangu mwaka 1927. Barabara ya Dodoma hadi Babati, kilometa 251, ilizinduliwa kwa lami mwaka 2018, na Bonga iko juu yake. Kwa hiyo safari si ile ya zamani ya kunasa kwenye tope siku mbili. Ila lami haikulipii nauli.

Niwape mfano wa nauli kutoka Zimbabwe. Daktari wa akili Dixon Chibanda amesimulia mara nyingi kwamba mwaka 2005 mgonjwa wake, msichana, alifariki kwa kujiua. Familia ilikuwa inajua anahitaji kurudi hospitalini, ila ilikosa nauli ya basi ya kama dola 15. Chibanda akajiuliza, kama wagonjwa hawawezi kunifikia, huduma niifikisheje kwao? Mwaka 2006 akaanza na mabibi 14 wa kitongoji cha Mbare, Harare. Akawafundisha kusikiliza na kumsaidia mtu apange namna ya kutatua tatizo moja moja, wamekaa kwenye benchi nje ya kliniki. Kwa Kishona ugonjwa huo wanauita kufungisisa, maana yake kufikiri kupita kiasi. Si ndo sisi tunasema "fulani ana mawazo"? Mwaka 2016 utafiti ulichapishwa: baada ya miezi sita, waliopita kwenye benchi la mabibi waliobaki na dalili za sonona walikuwa kama 14 kwa kila 100, na wale waliopata huduma ya kawaida tu walikuwa kama 50 kwa kila 100. Mabibi, wadau!

Kwa hiyo shule ya Bonga ikitaka kujipanga bila mfadhili, iandike karatasi moja na kuibandika ofisini. Iwe na majibu ya maswali haya: Nani anaambiwa kwanza? Nani anakaa na mtoto wakati wengine wanapiga simu? Mzazi anaitwa na nani, na anaambiwaje bila kugombezwa? Na kama mtoto anamkimbia mtu wa nyumbani huyo huyo, basi anaitwa afisa ustawi wa jamii, au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Nauli ya dharura iko kwa nani? Nani anamsindikiza mpaka amwone daktari? Na akirudi shuleni, nani anamfuatilia wiki ya kwanza, ya pili, mpaka mwezi wa tatu? Hilo la mwisho linasahaulika sana. Mtu akitoka hospitali watu wanadhani yameisha, kumbe siku za kwanza baada ya kutoka zina hatari yake.

Jambo jingine ni kufungia vitu vya hatari. Sisi ni watu wa kilimo, dawa za shamba zinakaa chini ya kitanda pamoja na viatu. Kwa mtu aliye kwenye saa yake mbaya, umbali kati yake na kitu hatari ndo unaomwokoa. Sri Lanka waliligundua hilo. Kuanzia miaka ya 1990 serikali yao ilipiga marufuku dawa za mashambani zilizo kali zaidi, na kiwango cha kujiua nchini kikashuka kwa karibu asilimia 70 katika miaka 20. Watafiti wamekadiria maisha 93,000 yaliokolewa kati ya 1995 na 2015. Shule yenye shamba, maabara au stoo iweke kufuli, na ufunguo ukae kwa mtu mmoja anayejulikana. Mzazi vivyo hivyo. Kufuli halina gharama ya kutisha.

JE, MAFUNZO YANASAIDIA KWELI?

Sasa tuongee ukweli, hata kama hautawapendeza waandaaji wa semina. Utafiti mkubwa kabisa wa jambo hili ulichapishwa mwaka 2015 kwenye jarida la The Lancet, ukiongozwa na Danuta Wasserman wa Sweden. Shule 168 katika nchi 10 za Ulaya, wanafunzi zaidi ya 11,000. Kundi moja la shule, walimu walifundishwa ile QPR. Kundi la pili, wanafunzi walichunguzwa na wataalamu. Kundi la tatu, wanafunzi wenyewe walipewa vipindi vya kujadili na kuigiza kuhusu afya ya akili, msongo wa mawazo na namna ya kumsaidia rafiki. Kundi la nne lilibandikiwa mabango tu, la kulinganishia.

Baada ya mwaka mmoja, kundi la wanafunzi kufundishwa ndilo lililofanya vizuri. Majaribio ya kujiua yalikuwa kama nusu ya yale ya kundi la mabango: asilimia 0.70 dhidi ya 1.51. Kundi la walimu kufundishwa peke yao halikuonyesha tofauti ya maana.

Je, tuache kufundisha walimu? Mimi nasema hapana, ila tusome somo lenyewe. Kijana akizidiwa, anamwambia kijana mwenzake kwanza. Mwalimu aliyefundishwa vizuri lakini hakuna mwanafunzi anayemwendea ni kama daladala nzuri iliyopaki stendi bila abiria. Na wanafunzi wakijifunza kusema "usinyamaze, twende kwa mwalimu", halafu wakamkuta mwalimu ana fimbo mkononi, hawatarudi tena. Vyote viwili vinahitajiana: wanafunzi wafundishwe kusema na wakubwa wafundishwe kupokea.

Na huku kwetu kuna dalili njema. Majirani zetu wa mkoa wa Arusha waliingia kwenye mradi wa miaka ya 2010 uliounganisha vipindi vya redio kwa vijana kuhusu sonona na mafunzo ya walimu wa sekondari. Mwaka 2016 matokeo ya mafunzo ya walimu wapatao 60 yalichapishwa. Baada ya siku chache tu za mafunzo, uelewa wao wa magonjwa ya akili ulipanda na unyanyapaa ukapungua. Hiyo haijathibitisha kwamba vifo vimepungua, tusidanganyane, ila imeonyesha kwamba mwalimu wa Tanzania akipewa maarifa anabadilika.

Kenya nao, mradi wa Shamiri ulitumia vijana waliomaliza sekondari, wa miaka 18 hadi 22, kuwaongoza wanafunzi 413 kwenye vikao vinne vya kila wiki kuhusu kushukuru, kutambua mambo mtu anayoyathamini na kuamini kwamba mtu anaweza kukua. Utafiti wao uliotoka mwaka 2021 ulionyesha sonona na wasiwasi vilipungua kuliko kundi la kulinganishia. Umeona hapo? Umri wa miaka 18 hadi 22. Ni wewe unayesoma hapo kafe.

SHERIA NAYO

Kikwazo kimoja hakitibiwi na semina. Kanuni ya Adhabu tuliyoachiwa na Mwingereza, iliyoanza kutumika mwaka 1945, iliweka kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, na hapa Tanzania kifungu hicho kimeendelea kukaa kitabuni. Mwingereza mwenyewe alilifuta kosa hilo England na Wales mwaka 1961, mwaka ule ule Tanganyika inapata uhuru. Yaani yeye kavua koti, sisi tumebaki tumelivaa.

Ghana walifuta mwaka 2023. Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu chao kinapingana na Katiba. Kwa nini nalileta hili kwenye mada ya shule? Kwa sababu familia inayoogopa polisi inaficha. Shule inayoogopa polisi inaficha. Mtoto aliyenusurika anaambiwa "useme ulianguka". Akifichwa, hatibiwi. Hili ni la wabunge, na sisi wapiga kura tunaweza kuliuliza.

NA SISI WA MAGAZETI

Niwaguse na wenzangu wa habari. Vichwa vyetu tunavipenda hivi: "Mwanafunzi ajiua kisa mapenzi", "ajiua kisa matokeo". Hilo neno "kisa" ni baya sana hapo. Linamwambia kijana mwingine aliyeachwa jana kwamba ukiachwa, hii ndo njia. Wakati ukweli ni kwamba mara nyingi kuna mambo mengi yamejazana, na ugonjwa wa sonona chini yake, ambao unatibika. Shule ikipata msiba wa namna hii, ifuate kanuni hiyo hiyo: iseme ukweli kwa maneno machache, isielezee namna ilivyotokea, isimgeuze marehemu shujaa wala mwenye dhambi, na iwaangalie kwa karibu marafiki zake, wa bweni lake na wa dawati lake, kwa wiki nyingi.

KWA WEWE KIJANA

Huhitaji kusubiri semina. Rafiki yako akikuandikia saa saba usiku "nimechoka na maisha", usimjibu kwa kicheko. Mpigie. Muulize waziwazi. Kaa naye kwenye simu au mfuate, na asubuhi mwende wote kwa mtu mzima. Akikwambia "usimwambie mtu", vunja hiyo ahadi. Atakukasirikia mwezi mmoja, miwili, lakini atakuwepo wa kukukasirikia.

Namba tena: 116 kwa watoto na vijana, bure. Wizara ya Afya ina 199 kwa ushauri wa afya. Na hospitali yoyote ya karibu, mwambie nesi wa mapokezi neno lenyewe.

Kwenye maoni hapo chini karibuni sana, hasa walimu, matroni, wapishi, walinzi na wanafunzi. Tuambieni shuleni kwenu kuna mtu gani mnayemwendea, na anafanya nini vizuri mpaka mnamwendea. Ila naomba mambo mawili: msitaje jina la mtu wala shule kwenye habari za misiba, na msielezee namna mtu alivyojidhuru. Maoni ya hivyo nitayatoa. Na wewe utakayeandika kuwa huna hali nzuri, andika tu hata bila jina, wadau wapo na watakujibu. Lakini hiyo simu ya 116 piga kabla hujasubiri majibu ya hapa.

Naomba kuwasilisha.